Maji ya Ziwa Chajá

Mbwa wa Ademar alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya macho ya Nélida. Alitoka ziwani mbio, manyoya yamelowa na povu la kijani limemganda mdomoni, akafika kwenye ua wa waya unaotenganisha viwanja viwili na hapo miguu ikamwishia nguvu. Alianguka ubavu. Alitetemeka mwili mzima, akatapika, akatetemeka tena. Ademar alipofika akiburuta ndara zake, mbwa alikuwa ameshatulia.

Nélida alikuwa amesimama upande wa pili wa waya, kopo la kumwagilia mkononi. Kopo lilikuwa limejaa maji ya ziwa lile lile.

"Nilimfunga, akakata kamba," Ademar alisema. Alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, mvuvi aliyestaafu. "Kiu ilimzidi. Jirani, maji yale yameoza. Usiyaguse."

Nélida aliliweka kopo chini polepole, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kulipuka, akaiangalia mimea yake mitano iliyosimama mstari mmoja kando ya ukuta, mirefu kumpita yeye, maua yake yamenona na kunata. Majani yalikuwa bado yanadondosha maji aliyomaliza kuyamwaga. Kisha akageuza macho kuelekea dirisha la chumba cha mdogo wake, Dardo, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametapika mara mbili.

Dardo alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kifafa kilimwanza akiwa na sita. Nélida alimpita miaka saba. Wazazi walipokufa, yeye ndiye aliyebaki naye katika nyumba ile ya kando ya ziwa. Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya kijiji, na kila mchana alirudi nyumbani mbio asijue atamkuta mzima au sakafuni. Dawa za hospitali zilimsaidia Dardo kiasi, lakini zilimfanya asinzie mezani kijiko kikiwa mdomoni, na bado alikuwa akianguka mara tatu kwa wiki. Kisha daktari wa mjini, Ofelia Pintos, akawashauri waongeze mafuta ya bangi. Sheria ya nchi ilikuwa imeshamruhusu mtu kupanda miche sita nyumbani kwake, mradi ajiandikishe posta. Nélida alikwenda posta amevaa gauni lake la misa, akaona aibu kulitaja neno mbele ya karani, akajiandikisha. Mwaka uliofuata Dardo alikuwa anaanguka mara moja katika miezi miwili. Alirudia kazi ya ngozi aliyoachiwa na baba yao, akawa anashona mikanda na hatamu za farasi, na wateja walikuwa wakija wakikaa naye wakinywa mate, ile chai ya majani machungu inayonyonywa kwenye kibuyu, mpaka jua linazama.

Kwa hiyo mimea ile haikuwa starehe ya mtu. Ilikuwa ni Dardo mwenyewe, amesimama mstari kando ya ukuta.

Kiangazi kile mvua ilikataa. Kisima kilikauka mwezi wa Januari. Kila Ijumaa lori la maji lilikuja likajaza mapipa mawili, ya kunywa na kupikia, na dereva akaonya kwamba mwenye kuyamwaga bustanini asimlaumu mtu. Ziwa lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka jikoni. Nélida akawa anateka asubuhi na jioni, ndoo kila mkono, na kwa kuwa barabara ya vumbi ilipita karibu, aliimwagia mimea kuanzia juu ili kuosha majani. Mwanzoni maji yalikuwa ya kahawia, yananuka tope na samaki. Mwezi wa pili yakaanza kuwa ya kijani. Mwezi wa tatu yakawa mazito kama rangi iliyomwagwa. Aliyaona kwa macho yake, akajiambia kwamba mmea nao ni kijani, utadhurika nini?

Mmoja kati ya ile sita ulikuwa umekomaa mapema. Chupa ya mwaka jana ilikuwa imekwisha, kwa hiyo aliukata, akaukausha, akayapika maua kwenye mafuta ya zeituni kwa moto mdogo kutwa nzima, akachuja. Siku mbwa alipokufa, Dardo alikuwa na siku ya sita akitumia mafuta hayo mapya. Matone thelathini asubuhi, thelathini jioni.

Siku sita! Nélida aliingia ndani, akaichukua chupa rafuni, akaificha ndani ya debe la unga. Unga ukamwagika sakafuni.

Ademar alimwita baadaye kwenye waya, akamwambia amesikia kwamba yule binti wa maabara, anayepita na boti kupima ziwa, anapokea simu za watu. Ni yeye aliyesimika kibao chekundu cha onyo kule gatini. Amwite aje aangalie. Nélida alisema ataona. Alijua hatamwita. Nyuma ya banda la kuku alikuwa na mimea mingine mitatu ambayo posta haikuijua. Hakuiuza wala hakumpa mtu. Aliipanda kwa sababu mwaka mmoja ukungu ulikuwa umemlia minne kati ya sita, na majira yale ya baridi Dardo alianguka mpaka akavunjika mfupa wa bega. Tangu hapo Nélida hakuweza kulala akiwa na sita tu. Sasa aliwaza: akija mgeni mwenye karatasi za serikali atahesabu, na pamoja na ule uliokwisha kukatwa atapata tisa, watakuja polisi na panga, watang'oa yote, na Dardo atabaki bila kitu. Mficha maradhi kilio humfichua, alilijua hilo vizuri, lakini kulijua jambo si kuliweza.

Jioni Dardo alinyoosha mkono rafuni asiione chupa.

"Imepasuka," Nélida alisema bila kugeuka kutoka jikoni. "Nilikuwa nafuta vumbi, ikaniponyoka."

"Yote?"

"Yote."

Dardo alimwangalia kisogo. "Basi tutangoja ile mingine ikomae," alisema. "Usijilaumu, dada. Mbona hunitazami?"

Asubuhi ya pili, Dardo alipokuwa ameinamia ngozi zake barazani, Nélida aliitoa chupa kwenye unga, akahesabu matone thelathini chini ya ulimi wake mwenyewe. Hakuona njia nyingine. Kama kulikuwa na sumu, aijue yeye kwanza. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono juu ya meza, akangoja kama mtu anayengojea hukumu.

Saa moja haikupita ila sakafu ikaanza kumwendea mbali. Moyo ulimdunda masikioni. Mdomo ulikauka, ulimi ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Alitaka kuinuka, magoti yakakataa, akateremka mpaka chini na kuegemea jiko. Ni sumu, aliwaza, ndivyo mbwa alivyokufa. Kisha akakumbuka kwamba hajawahi kuonja mmea huo maisha yake yote, na kwamba Dardo alianza na matone mawili, akapanda polepole kwa miezi. Huenda ni bangi tu. Huenda ni sumu. Alijipima kila kiungo, tumbo, macho, vidole, na kila alipopima alikuta hofu imetangulia kufika. Hakuna alichokijua zaidi ya alichokijua jana.

Dardo alimkuta pale chini.

"Dada, umekula nini wewe?" aliuliza, nusu anacheka.

"Jua. Jua limenipiga."

Alimletea maji, akamfunga kitambaa kibichi kichwani, akatengeneza mate akakaa naye sakafuni, bega kwa bega, akimsimulia habari za mteja mmoja mlevi aliyeagiza mkanda wa farasi aliyekwisha kufa. Nélida alicheka kwa sababu mmea ulimchekesha, na ndani yake alikuwa analia kwa aibu.

Mchana huo, wakila mchuzi wa dengu, kijiko kilimtoka Dardo mkononi. Jicho lilimgeuka, mkono wa kushoto ukajikunja, kisha akarudi. Sekunde chache tu. Dardo alikuwa hajapata hata dalili kwa wiki tisa. Usiku Nélida alisali aonyeshwe la kufanya, kati ya chupa iliyokuwa kwenye unga na kifafa kilichokuwa njiani. Asubuhi hakuwa ameonyeshwa kitu.

Siku ya tatu joto lilikuwa kali hata kuku walilala wameachama midomo. Baada ya chakula watu wote wa kando ya ziwa walijifungia ndani, kama ilivyo desturi saa hizo. Nélida hakukusudia kulala, lakini alikuwa na siku tatu bila usingizi, ukamchukua. Alipozinduka nyumba ilikuwa kimya mno. Kitanda cha Dardo kitupu. Barazani hakuna mtu, sindano imechomekwa katikati ya mshono.

Alitoka bila viatu. Ardhi ilimchoma nyayo, hakuisikia. Alimwita mara moja tu, kisha akaacha kuita kwa sababu alikuwa ameliona shati lake limetundikwa kwenye tete, limetandazwa vizuri kama la mtu aliyezoea kulitundika pale.

Ziwa lilikuwa tambarare na kijani kitupu. Hatua ishirini kutoka ukingoni maji yalikuwa yanapigwa, pa, pa, pa, kwa mpigo ule ule alioujua tangu utotoni. Mkono mmoja ulipanda ukashuka. Kisogo kilionekana. Uso haukuonekana.

Nélida hakujua kuogelea. Aliingia. Tope lilimshika miguu, utando wa kijani ukafunguka mbele yake na kufunga nyuma yake, harufu ya nyasi zilizooza ikampanda puani. Maji yalimfika kiunoni, kifuani. Alimkamata kwa nywele, akamgeuza, akaupandisha uso wake juu, na mwili ule wenye nguvu za kifafa ulimpiga kidevuni ukamtumbukiza. Alimeza. Aliinuka, akamshika tena. Ndipo alipopata sauti ya kumwita Ademar, na sauti hiyo, Ademar alisema baadaye, ilimtoa kitandani kabla hajajua kama yu macho.

Walimburuta wawili mpaka kwenye mchanga, wakamlaza ubavu. Kijani kilimtoka mdomoni kikafuata ndevu. Hakupumua. Nélida alimpiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena na tena. Kisha Dardo akakohoa.

"Yu hai," Ademar alisema. Naye alikaa chini palepale, akashika kifua chake.

Njia ya kwenda hospitali ya mji ilichukua dakika arobaini ndani ya gari bovu la Ademar, na dakika zote hizo Nélida aliangalia tumbo la Dardo kama linapanda na kushuka. Daktari Pintos ndiye aliyekuwa zamu. Aliuliza maswali ya kawaida, na Nélida akajikuta anayajibu yote na yasiyoulizwa: kijani, mbwa, kopo la kumwagilia, chupa ndani ya unga, uongo aliomwambia mdogo wake, matone aliyokunywa yeye. Mwisho akafika kwenye hesabu. "Na si sita, daktari. Nilipanda tisa." Aliposema tisa, aliangalia mlango kana kwamba polisi walikuwa wanangojea neno hilo nje.

Daktari hakuandika tisa. Aliandika ziwa, na aliandika siku tatu bila mafuta, akapigia mstari. Alimwambia bila ukali, na bila kumwonea haya, kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla hata siku moja, na kwamba kilichomwangusha Dardo majini ni kuikosa, si kuitumia.

"Lakini alitapika," Nélida alisema. "Siku mbwa alipokufa. Alitapika kabla sijaificha."

Dardo alipozinduka jioni, daktari alimuuliza juu ya kutapika huko. Alimtazama dada yake kwanza, kama mtoto aliyeshikwa. Kisha akasema kwamba tangu joto lizidi, siku zile alizojisikia mzima, alikuwa anakwenda kujitosa ziwani saa za watu kulala. Majuma mawili sasa. Nélida alikuwa amemkataza kuingia majini tangu alipokuwa na miaka sita, na ndiyo maana hakusema. Maji yale alikuwa ameyameza mara nyingi, kidogo kidogo.

Walimweka hospitali. Wasiwasi wao sasa ulikuwa ini. Daktari alimweleza Nélida kwamba sumu ya mwani ule wa kijani wa ziwani hulishambulia ini, na dalili yake huonekana machoni. Kila kulipokucha Nélida alimsogeza Dardo karibu na dirisha, akamfunua kope kwa kidole gumba, akaangalia weupe wa jicho. Siku ya kwanza mweupe. Ya pili mweupe. Siku ya nne ulikuwa na umanjano, kama karatasi ya zamani. Nélida alitoka nje akashika ukuta wa korido, akasimama hapo mpaka muuguzi alipomletea kiti. Siku ya tano haukuongezeka. Siku ya saba ulianza kufifia. Yeye mwenyewe walimtoa damu, wakamkuta salama, na hakujali.

Katikati ya siku hizo alirudi nyumbani kumpokea Ivonne Techera, yule binti wa maabara, ambaye daktari alikuwa amempigia simu. Alikuja na glavu na chupa ndogondogo. Alichota maji, akamimina mafuta kidogo kutoka kwenye chupa, akakata maua ya ile mitano. Alipokuwa anafunga sanduku lake, Nélida alimwambia asubiri. Alimpeleka mpaka nyuma ya banda la kuku.

Ivonne aliitazama ile mitatu. "Na hii unainywesha maji gani, mama?"

"Ya jikoni. Nikiosha viazi, nikiosha mboga. Ya lori." Ilibidi aeleze. "Walio barabarani wanaona hapa. Niliogopa kuonekana napita na ndoo."

Yule binti alikata ua moja, akaliweka kwenye mfuko mdogo, mbali na mengine. "Mimi nimetumwa kupima maji," alisema. "Kuhesabu mimea si kazi yangu. Ila ningekuwa wewe, nisingemwonyesha kila anayekuja na sanduku."

Majibu yalikuja kwa simu baada ya siku tisa. Mafuta yaliyokuwa kwenye chupa hayakuonyesha sumu ya kupimika, kwa kuwa mmea ule ulikatwa kabla ziwa halijachafuka sana. Ile mitano ilikuwa na sumu iliyokaukia kwenye majani na maua. Isitumiwe, isichomwe, ifukiwe. Ile mitatu ilikuwa safi.

Nélida aliomba asomewe tena. Kisha akauliza tena neno la kwanza, lile la chupa, na akaishika simu kwa muda mrefu baada ya Ivonne kukata. Alikuwa ameiogopa dawa iliyo salama, akamnyima mgonjwa, na hofu yake ndiyo nusura imzamishe.

Walichimba shimo pamoja na Ademar, kando ya kaburi la mbwa. Dardo alikuwa amerudi siku hiyo, mwembamba, amewekwa kwenye kiti barazani na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Mimea mitano iliingia shimoni na maua yake yote, kazi ya miezi sita. Ademar alipokwenda zake, Nélida alinawa mikono kwa maji ya lori, akakaa karibu na mdogo wake, akamwambia habari ya debe la unga.

Dardo alisuguasugua kipande cha ngozi kwa dole gumba.

"Mimi nilikuficha kuoga," alisema mwishowe. "Wewe ukanificha chupa. Tuko sawa." Lakini hakucheka. "Ila kuna kitu kimoja, Neli. Mwili ni wangu. Kinachoanguka ni mimi. Siku ukiogopa tena, niambie tuogope wote. Usiogope peke yako ukanifanyia maamuzi."

Nélida alitaka kumjibu kwamba amekuwa akiogopa kwa niaba yake miaka arobaini na sita, na hajui namna nyingine. Badala yake alisema, "Haya."

Chupa ya kwanza ilipokwisha, ile mitatu iliwapa chupa mbili ndogo, chini ya nusu ya walivyozoea. Daktari aliwapangia kipimo kidogo zaidi na kuongeza vidonge vya hospitali mpaka mavuno mengine. Majira yale ya baridi Dardo alianguka mara nne, moja vibaya. Mvua zilirudi mwezi wa Mei, kisima kikajaa, ziwa likawa tena la kahawia na watu wakaanza kusahau.

Lakini kabla ya hayo yote, asubuhi ya kwanza ya mafuta ya ile mitatu, chupa ilikaa mezani kati yao kabla mtu hajaigusa. Karatasi ya maabara ilikuwa pale pale, imekunjamana kwa kusomwa mara nyingi. Nélida aliifungua chupa, akainusa.

"Unaogopa?" Dardo aliuliza.

"Naogopa."

"Na mimi." Alichukua kibomba cha kudondoshea matone mkononi mwake mwenyewe, akafungua mdomo, akahesabu kwa vidole vya mkono wa pili. Kisha akafunga kizibo, akamsogezea dada yake kibuyu cha mate, na wote wawili wakakaa mezani kungoja, saa moja, saa mbili, mpaka mteja wa kwanza alipopiga makofi langoni kubisha hodi, akiulizia hatamu yake.